Kigamboni au njia ya Bagamoyo: kuchagua pa kuishi pwani ya Dar es Salaam

Anayetafuta nyumba au kiwanja karibu na bahari Dar es Salaam, ukiacha Masaki na Oysterbay ambako bei imeshawashinda wengi, hubaki na pande mbili. Kusini, ng'ambo ya lango la bandari, ipo Kigamboni: Tungi, Vijibweni, Kibada, Mjimwema, Gezaulole, na kuendelea hadi Kimbiji. Kaskazini upo ukanda unaofuata Barabara ya Bagamoyo: Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi, Bahari Beach, Ununio, Tegeta, Boko, Mbweni na Bunju. Bahari ni ileile na joto ni lilelile, lakini maji ya bombani, udongo, hati za ardhi na safari ya kwenda kazini vinatofautiana sana.

Ushauri wetu tunautoa mapema: anza na unakokwenda kila asubuhi. Ufukwe utauona Jumapili, njia utaipita mara mbili kwa siku. Wengi waliohama Kigamboni ndani ya mwaka mmoja walihamishwa na safari, na wengi waliohama Bunju ni hivyohivyo.

Tofauti ya msongamano inaonekana hata kwenye hesabu ya watu. Sensa ya 2022 ilikuta wakazi 317,902 katika Manispaa ya Kigamboni na 982,328 katika Kinondoni, wilaya inayobeba ukanda wote wa kaskazini. Kigamboni bado ina nafasi, na bei ya nafasi hiyo ni huduma zilizotawanyika.

Safari ya kila siku

Kigamboni ina milango mitatu. Wa kwanza ni pantoni ya Magogoni, inayoendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali unaosimamia vivuko. Mtembea kwa miguu hulipa Sh200 kwa kadi ya N-Card, na chombo kikishaondoka kuvuka ni dakika chache tu. Kinachokula muda ni kusubiri. Vivuko vikubwa ni MV Magogoni, MV Kigamboni na MV Kazi, na kimoja kikiingia matengenezo, vinavyobaki huelemewa. Ndivyo ilivyokuwa MV Magogoni ilipopelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa mwaka 2023. Mwenye gari husubiri zaidi kuliko mtembea kwa miguu, kwa sababu magari huingia kwa idadi huku abiria wakiingia kwa mamia. Kwa hiyo anayefanya kazi Posta au Kivukoni na anayekubali kutembea ana usafiri mzuri sana: anapanda bajaji au daladala hadi kivukoni, anavuka, na upande wa pili anakuta kituo cha mwendokasi cha Kivukoni chenye mabasi ya Kariakoo, Morocco na Kimara. Gari alibakishe nyumbani.

Mlango wa pili ni Daraja la Nyerere, linalounganisha Vijibweni na Kurasini. Lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na njia sita. Magari, bajaji na pikipiki hulipia kila yanapopita. Mtembea kwa miguu halipi. Viwango vilipunguzwa mwaka 2022 na malipo ya vifurushi yakaanzishwa, hivyo anayevuka kila siku asilipe kwa safari mojamoja. Daraja lenyewe halina shida. Foleni huanza ukishashuka Kurasini na kukutana na malori ya bandari kwenye Barabara ya Mandela na ya Kilwa. Asubuhi kabla ya saa 12 unapita bila kikwazo. Baada ya saa 1 panga muda mara mbili.

Mlango wa tatu hausemwi sana: barabara ya Kongowe hadi Mjimwema, kama kilomita 25 ukiihesabu mpaka kwenye kivuko upande wa Kigamboni, inayotokea Barabara ya Kilwa. Haina malipo. Inawafaa wanaofanya kazi Mbagala, na wenye malori ya mchanga na tofali wanaokwepa tozo ya daraja.

Kaskazini kuna uti wa mgongo mmoja, Barabara ya Bagamoyo. Kutoka Mwenge hadi Tegeta ni karibu kilomita 13, na kipande hicho kilishapanuliwa kuwa njia nne. Posta hadi Mwenge ongeza kama 10, na Tegeta hadi Bunju kama 10 nyingine. Asubuhi magari hugandia kuanzia Afrikana kuelekea Mwenge, jioni hugandia kurudi. Awamu ya nne ya mwendokasi, inayotoka mjini hadi Tegeta, ndiyo iliyopangwa kuupunguzia ukanda huu mzigo. Ukipanga bajeti ya muda leo, panga kwa basi unalolipanda leo, maana nyumba ya kupanga hulipiwa miezi sita au kumi na miwili kwa mkupuo na ratiba za ujenzi wa barabara huteleza.

Uzuri wa kaskazini ni njia za kutokea nyuma. Kutoka Mbezi Beach unakwenda Goba, kutoka Wazo unapita Madale, na zote zinakutoa Barabara ya Morogoro bila kugusa Mwenge wala Ubungo. Kigamboni ukifungiwa kivukoni na darajani, unabaki na Kongowe peke yake.

| Unakokwenda kila siku | Ukikaa Kigamboni | Ukikaa kaskazini |
|---|---|---|
| Posta, Kivukoni, wizara zilizobaki mjini | Rahisi kwa miguu na pantoni, vigumu kwa gari | Daladala ndefu. Mwenye gari ana Daraja la Tanzanite |
| Kariakoo | Pantoni kisha mwendokasi | Kubadili gari angalau mara moja |
| Bandari, Kurasini, Temeke, Chang'ombe | Bora kabisa, kupitia darajani | Usijaribu kila siku |
| Uwanja wa ndege | Daraja, Mandela, Tazara | Mwenge, Ubungo, Mandela, Tazara |
| Mwenge, Mlimani, Mikocheni, Masaki | Kuvuka mji mzima | Bora kabisa |
| Bagamoyo | Mbali mno | Upo njiani |

Nauli za daladala hupangwa kwa umbali na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Kiwango cha chini kilipanda kuwa Sh600 Desemba 2023. Ukiwa na watu wawili wanaotoka kila siku, wakibadili gari mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, piga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kufurahia kodi ya nyumba iliyo chini. Mara nyingi akiba ya kodi humalizikia kwenye nauli na bodaboda ya kuingia ndani. Waulize majirani bei ya bodaboda kutoka kituoni hadi mlangoni saa 3 usiku, wakati bei ya mchana haitumiki tena.

Maji

Hapa pande hizi mbili hutofautiana kuliko mahali pengine popote.

Kaskazini hutegemea Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, upo upande wa Bagamoyo, na bomba lake kuu linakuja mjini likifuata barabara. Bunju, Boko na Tegeta wapo karibu na chanzo, hivyo mtandao ukiwa umefika mtaani kwako maji huwa na nguvu bondeni. Kwenye vilima hali ni nyingine: Salasala, Madale na Goba hutegemea matangi yaliyojengwa juu, na nyumba za mwisho wa mstari hupata maji usiku au kwa zamu. Ruvu ikipungua, kaskazini yote huumia pamoja. Oktoba na Novemba 2022 mto ulishuka na mji ukaingia kwenye mgao.

Kigamboni kwa miaka mingi iliishi kwa visima vya watu binafsi na maboza. Mwaka 2022 mradi wa visima virefu vya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, huko Kisarawe II ulizinduliwa, wenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku. Maji haya hayategemei Ruvu, kwa hiyo kiangazi kinachowapiga kaskazini si lazima kiwapige Kibada. Tatizo ni mtandao: mtaa mmoja una mita na mtaa wa pili hauna. Usiulize "maji yapo?" kwa sababu dalali atajibu yapo. Uliza namba ya mita, fungua bomba lililo nje kabla ya tanki, na uombe kuona bili ya mwezi uliopita. Bomba lililounganishwa na tanki hutoa maji hata kama DAWASA hawajaleta tone wiki nzima.

Kisima nacho kinahitaji uangalifu, kote kusini na kaskazini. Chini ya mchanga wa pwani, maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji hukadiria kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 za maji baridi chini yake. Maana yake ukivuta kwa pampu kubwa hadi kina cha juu kishuke mita moja, chumvi hupanda kutoka chini kwa makumi ya mita. Ndiyo sababu kisima kilichokuwa kitamu mwaka wa kwanza hugeuka baada ya majirani kumi kuchimba vyao, na ndiyo sababu kuchimba zaidi karibu na ufukwe mara nyingi huleta maji mabaya zaidi.

Ukikagua nyumba yenye kisima, fanya hivi. Nenda mwishoni mwa kiangazi, Februari au mwanzo wa Machi, kabla ya masika. Acha pampu ifanye kazi saa mbili au tatu, ndipo uchukue sampuli. Maji ya dakika za kwanza ni yale yaliyotulia na hudanganya. Tumia kipima chumvi cha mkononi kinachosoma TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Chini ya miligramu 600 kwa lita ni maji mazuri ya kunywa kwa ladha. Ikipita 1,000 watu hawayapendi, na vifaa huanza kuumia: hita ya maji hutoboka, bomba la kuogea huziba kwa ukoko mweupe, sabuni haitoi povu. Angalia pia umbali wa kisima na karo la choo, la kwako na la jirani. Mita 30 ni kiwango cha kujilinda kwenye mchanga, kwa kuwa mchanga hupitisha maji machafu haraka kabla hayajachujika. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 umbali huo haupatikani, hivyo kisima hicho kitumike kwa usafi na bustani, maji ya kunywa yatoke kwingine.

Kuhusu tanki: familia ya watu watano wanaotumia lita 80 kila mmoja humaliza lita 400 kwa siku. Simtanki la lita 2,000 linakupa siku tano, la 5,000 linakupa siku kumi na mbili. Kwenye mitaa ya zamu usikubali chini ya 5,000.

Ardhi na hati

Mitaa iliyo salama zaidi kununua, kusini na kaskazini, ni ile iliyopimwa na serikali katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Kigamboni ulihusisha Kibada, Gezaulole na Kisota, miongoni mwa maeneo mengine. Kaskazini ulihusisha Bunju, Boko, Mbweni na Mivumoni. Mitaa hii utaitambua kwa macho: barabara zimenyooka, viwanja vina namba na kitalu, na kuna nafasi zilizoachwa kwa shule na masoko. Ukivuka barabara moja tu kutoka hapo unaweza kuingia eneo ambalo halijapimwa, ambako gari la taka halipiti.

Kigamboni ina historia yake. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya, na kwa miaka kadhaa wakazi wa kata zilizohusika walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri fidia. Mpango huo baadaye uliachwa. Athari zake bado zipo: utakuta kiwanja chenye ofa (barua ya toleo) ya zamani ambayo haikufuatiliwa hadi kuwa hati, au eneo lililouzwa mara mbili wakati huo wa sintofahamu. Muuzaji akikuonyesha barua ya toleo ya miaka mingi iliyopita, swali la kwanza ni kwa nini hakuichukulia hati.

Kaskazini kero kubwa ni uvamizi wa kingo za mito na mipaka ya barabara. Tazama alama za X kwenye kuta za majirani. Ukuta wenye X hata uliofutwa kwa rangi unakuambia hifadhi ya barabara inapita wapi.

Utaratibu ni uleule pande zote, nao hauna njia ya mkato:

1. Pata namba ya kiwanja na ya kitalu, kisha fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, rehani za benki na zuio la mahakama. Nakala ya hati aliyokuletea dalali haitoshi.
2. Mlete mpimaji atafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Zikiwa hazionekani, azirudishe kwa gharama ya muuzaji kabla hujalipa.
3. Uliza deni la kodi ya pango la ardhi. Deni hufuata kiwanja.
4. Pata ridhaa ya mwenza wa muuzaji kwa maandishi. Mauziano mengi ya nyumba za familia hukwamia mahakamani kwa kukosa karatasi hii moja.
5. Mkataba uandaliwe na wakili, kisha zijazwe fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35, uthamini ufanyike, kodi ya ongezeko la mtaji ilipwe na muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia moja.

Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mtu anajulikana mtaani. Haihamishi umiliki wa kiwanja kilichopimwa.

Katika maeneo yasiyopimwa, hasa kuelekea Kimbiji na Mabwepande, utasikia "ishirini kwa ishirini". Uliza ishirini za nini. Zikiwa hatua, hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, hivyo hatua 20 ni mita 15 na kiwanja chako ni mita za mraba 225, karibu nusu ya 400 ulizodhani. Nenda na futi kamba mwenyewe.

Wanaonunua wakiwa Muscat, Dubai au Minneapolis hupenda Kigamboni kwa sababu viwanja vinauzwa kwa awamu. Kuna mambo mawili wayajue. Hati ina sharti la kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na kiwanja kilichoachwa pori huvamiwa kabla hata hakijafutiwa hati. Na umbali wa nguzo ya umeme una bei: tangu Januari 2022 TANESCO mjini hutoza Sh320,960 kwa njia moja ya umeme isiyohitaji nguzo, Sh515,618 kwa nguzo moja na Sh696,670 kwa nguzo mbili. Kiwanja cha bei nafuu kilicho nguzo sita kutoka kwenye laini si cha bei nafuu tena.

Ufukweni kabisa, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na vivyo hivyo kwa mito. Kiwanja kinachotangazwa kuwa "kimegusa maji" kipime kutoka alama ya maji kujaa wakati wa bamvua, siyo maji yakiwa yamekupwa. Kikibaki na mita 15 za kujengea, umenunua bustani.

Mvua na mmomonyoko

Kaskazini maji hushuka kutoka juu. Vilima vya Goba, Salasala na Wazo vimejaa nyumba na paa, mvua haiingii ardhini kama zamani, na yote hukimbilia tambarare ya pwani kupitia Mto Mbezi, Mto Tegeta na Mto Mpiji. Ikifika chini hukutana na kalavati ndogo na kuta za watu. Boko Basihaya ni mfano unaojulikana: nyumba huzungukwa na maji siku nyingi baada ya mvua kwisha. Baadhi ya maeneo ya Kunduchi Mtongani yana hali kama hiyo.

Uchimbaji wa mchanga kwenye mito hiyo umeongeza shida mara mbili. Kingo hubomoka na kula viwanja, na mchanga uliokuwa ukifika baharini kulisha ufukwe haufiki. Ufukwe wa Kunduchi hadi Bahari Beach umeliwa kwa miongo kadhaa, na hoteli zimejenga vizuizi vya mawe kujikinga. Kizuizi hukusanya mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, kwa hiyo nyumba iliyo jirani na kizuizi ikaguliwe kwa makini kuliko nyingine.

Kigamboni haina mito mingi inayoshuka kwa kasi namna hiyo, na mchanga wake hunywa mvua. Lakini ina mabonde mafupi ambako maji ya chini hupanda masika yakikolea. Hapo maji hayaji kwa kasi. Hutokea chini ya sakafu, shimo la choo hujaa na kukataa, na hali hukaa wiki kadhaa. Dalili zipo hata kiangazi: mstari wa chumvi nyeupe ukutani kwenye sentimita 30 za chini, rangi inayobanduka, na majani yanayopenda maji yakiwa yameota katikati ya mtaa. Ukingo wa bahari nao huliwa. Ukuta umejengwa kulinda eneo la Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Kwa mtazamo wetu mafuriko ya kaskazini ni ya hatari zaidi, ila ni rahisi kuyakwepa kwa kupanda mita chache juu. Maji ya chini ya Kigamboni hayaui mtu, lakini humchosha mwenye nyumba miaka yote.

Kujenga penye chumvi

Kanuni ni zilezile pande zote, na hukazwa kadiri unavyokaribia maji. Funiko la zege juu ya nondo liwe milimita 50 kwa nguzo na msingi. Milimita 25 za kawaida hupasuka ndani ya miaka michache kwa kuwa kutu hupanua nondo na kuisukuma zege nje. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, si kwa tofali wala plasta: chumvi yake hula nondo na huvuta unyevu ukutani milele. Ukinunua tofali zilizokwisha fyatuliwa, onja vumbi lake kwa ncha ya ulimi au uliza mchanga umetoka wapi. Muuzaji mzuri hachelewi kujibu.

Mabati yawe ya alumini na zinki, geji 28 na si 30, kwa sababu namba ndogo ni bati nene. Madirisha ya alumini hudumu. Magrili ya chuma yanahitaji rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida. Kipoza hewa kifungwe upande usiotazama bahari. Mwenye kiwanja Salasala au Madale anaepuka gharama nyingi za aina hii, lakini atalipia ukuta wa kuzuia udongo kwenye mteremko.

Hospitali, shule na mengineyo

Kaskazini inaongoza waziwazi. Lugalo ipo barabarani, Kairuki ipo Mikocheni, Mwananyamala ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Kinondoni ina hospitali yake Mabwepande. Shule binafsi ni nyingi kuanzia Mbezi Beach hadi Tegeta. Kigamboni ina hospitali ya wilaya na Vijibweni kwa matibabu ya kawaida. Kwa bingwa utavuka kwenda Muhimbili. Mwenye mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, au mama mwenye ujauzito wenye shida, asihamie Gezaulole mwaka huo.

Wazo kuna kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Mitaa inayokizunguka hupata vumbi na malori. Kigamboni kuna matangi ya mafuta na ndiko bomba la TAZAMA linakoanzia safari yake ya kilomita 1,710 hadi Ndola, hivyo malori ya mafuta ni wenzako wa barabara upande wa Vijibweni. Kwa mapumziko, kaskazini una Kunduchi na boti za kwenda kisiwa cha Mbudya. Kusini una Mikadi na Mjimwema, zilizo tulivu zaidi katikati ya wiki. Upepo wa kusi huingia vizuri kote kuanzia Mei. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo yenye joto, na nyumba iliyozibwa na ghorofa la jirani upande wa bahari haikaliki bila feni.

Kabla ya kutoa pesa

Nyumba ya kupanga ijaribu kwa safari ya Jumatatu. Amka saa 10:30 alfajiri, toka mlangoni saa 11:15 na ufike kazini kwa usafiri utakaoutumia kweli. Rudi saa 11 jioni kwa njia hiyohiyo. Kiwanja kitembelee siku moja baada ya mvua kubwa ya Aprili, uvae viatu vya mpira, uone maji yanasimama wapi na yanapita kwa nani. Ukiwa mbali, mtume ndugu akupigie picha za kiwanja, za barabara ya kuingilia na za nguzo ya umeme iliyo karibu, zote siku hiyohiyo.

Dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja baada ya mkataba kusainiwa, siyo kabla. Hela ya kuonyeshwa mkubaliane mwanzoni kwamba ni ya siku nzima na si ya kila nyumba. Malipo ya kiwanja yapitie benki kwa jina lililo kwenye hati, na sehemu ya mwisho, robo kwa mfano, ibaki mikononi mwako hadi uhamisho usajiliwe kwa jina lako. Muuzaji asiyekubali sharti hili, awe wa Kibada au wa Mbweni, mwache na kiwanja chake.